Matawi Niliyoyatupa Nje ya Ua

Josefina amefariki. Binti yake alinipigia simu kutoka Juba Jumanne asubuhi, nikiwa nimepiga magoti nyuma ya nyumba yangu hapa Lodwar, napanga miche ya bogonvilia kivulini kabla jua halijapanda. Alisema mama aliugua wiki mbili tu, akalala, hakuamka. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili kizuri alichokipata shuleni Kakuma, kama ningependa kutuma neno lolote lisomwe kanisani. Nilimwambia nitatuma. Siku nne zimepita na sijatuma kitu. Kila nikianza kuandika jinsi alivyokuwa mwema, nauona mkono wangu mwenyewe ukiandika mambo mengine, zamani, kwenye daftari la ofisi, naye ameketi mbele yangu anasubiri niinue uso. Basi sifa zitangoja. Acha kwanza niseme habari za mwaka ule.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kambi ya Kakuma ilikuwa na umri wa miaka miwili hivi, na shirika moja lililofanya kazi pale lilitafuta karani wa kupiga chapa anayejua Kiingereza, Kiswahili na Kiturkana. Nikapata kazi hiyo, ya muda, na nikapanga chumba mjini, kwa mjane aliyeitwa Mama Ekai, karibu na laga, mto wa msimu ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Chumba kilikuwa cha mabati matupu. Kitanda cha kamba, sanduku langu la shule, dirisha lisilo na kioo ila wavu wa nzi, na nyuma ya ukuta, kiasi cha kunyoosha mkono, boma la miiba la mbuzi wake. Niliwasikia wakicheua. Asubuhi Mama Ekai alikamua, akachemsha chai, na kile kikombe chenye ladha ya moshi na maziwa ya mbuzi ndicho kilichonifanya nijisikie niko kwa watu. Mchana tulikula mahindi ya njano yaliyokuwa yakivuka kutoka kambini kuja mjini kwa kubadilishana na kuni na makaa. Majirani walikuja kuketi kivulini mwa mabati, na nikiwa ndani nimejilaza kwa joto niliwasikia wakizungumza. Wageni wanapewa unga, sisi tunapewa vumbi. Wageni wamemaliza miti. Wageni wamechimbiwa visima. Mama Ekai hakuchangia sana. Alikuwa akisema tu, "Nao pia wana watoto," na mazungumzo yalianza tena palepale yalipoachwa.

Josefina alikuwa mkimbizi wa kambini, kibarua wa usafi ofisini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mweusi wa kung'aa, mwenye mwendo wa polepole na vidole virefu vilivyochanika ncha. Kabla ya vita alifanya kazi kwenye kitalu cha miti na maua huko Juba, na jambo hilo hakuna aliyelijua pale ofisini mpaka siku nilipomkuta amesimama mbele ya bogonvilia moja kavu kwenye lango, aliyoipanda mtu fulani kisha akahamishwa. Alikuwa akiichuna gome kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa na kijani. "Hii iko hai," aliniambia. "Watu wanaona imekufa. Hii imelala tu." Kesho yake alikuja na kisu kidogo alichokinoa kwenye jiwe mpaka kikawa kama wembe, akakata vijiti vya unene wa penseli, chini kidogo ya kifundo, kwa mshazari, akanipa kimoja nishike. Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Nimefundishwa mambo mengi maishani na watu waliosomea kufundisha, lakini sijawahi kufundishwa kama nilivyofundishwa na Josefina. Jumapili baada ya kanisa alivuka laga akaja uani kwa Mama Ekai na makopo matupu ya mafuta ya mgawo. Tuliyatoboa chini kwa msumari. Tulichota mchanga wa laga, tukauosha mpaka maji yakatoka safi, tukauchanganya na samadi ya mbuzi iliyooza. Kijiti kiliondolewa majani ya chini, yakabaki mawili juu, nayo yakakatwa nusu. "Jani kubwa linakunywa maji mengi, na mguu bado haipo," alisema, akimaanisha mizizi. Kisha kopo lote lilivikwa mfuko wa nailoni ili liwe na unyevu wake lenyewe, likawekwa kivulini, na likaachwa. Kuachwa ndiko kulikonishinda. Kila baada ya siku mbili nilivuta kijiti kuona kama kimeota mizizi, mpaka akanikamata. Hakunigombeza. Alinionyesha vile vinyuzi vyeupe, vyembamba kama uzi wa buibui, ambavyo nilikuwa nimevikata kwa kuvuta. "Feronika," alisema, kwa sababu jina langu, Veronika, halikumkaa mdomoni, "wewe hapana amini."

Mama Ekai alitutazama tangu mwanzo kwa mashaka. Aliniuliza kwa Kiturkana, "Maji mnayapa majani yasiyoliwa?" Niliona aibu, kwa kuwa wanawake walikuwa wakichimba mchanga wa laga hadi kiunoni kutafuta ndoo moja. Josefina alipofasiriwa swali hilo alikwenda kwenye beseni nililofulia, akachota yale maji ya suuza kwa kikombe, akamwonyesha Mama Ekai, akamwaga kidogo kwenye kila kopo. Mama Ekai akacheka. Tangu hapo hakumwaga maji ya kuoshea vikombe; aliyaweka kando kwa ajili ya yule mgeni. Hawakuwa na lugha ya pamoja hata moja, isipokuwa "ejok," salamu yetu, ambayo Josefina aliitumia kwa kila kitu: kwa habari za asubuhi, kwa asante, kwa kwaheri. Waliketi wakinywa chai, mmoja akisema Kiturkana, mwingine Kiarabu cha Juba, nami katikati nikifasiri. Hivyo nikajifunza Kiarabu chake, cha jikoni na cha udongo, kiasi kwamba kufikia katikati ya mwaka nilimwelewa hata alipokuwa akinung'unika peke yake.

Bosi wetu alitoka Nairobi. Hakuwa mtu mbaya, ila vumbi lilimtia hasira. Mwezi wa nne alinikuta nikimwagilia makopo manne niliyoyahamishia ofisini, akasema kabla ya mwisho wa mwaka kutakuja wageni wakubwa, na angependa wakute uzio wa maua kuanzia langoni hadi mlangoni. Kisha akaongeza, akifunga faili, kwamba mtu anayejituma hukumbukwa wakati wa kuandikwa kazi ya kudumu. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Tatizo ni kwamba bogonvilia zilikwenda taratibu, na hibiskasi zote nilizozichomeka zilioza miguu. Nikaenda Lodwar kwa likizo ya wiki moja, na pale kwenye nyumba za serikali nikaona kichaka kilichochanua maua ya waridi, tele, katika ukame ambao ulikuwa umekausha hata miiba. Jina lake, oleanda, nililijua baadaye sana. Niliomba matawi kwa mama mmoja wa nyumba zile, akanipa bila neno, nikayafunga kwenye gunia bichi na kurudi nayo Kakuma nikiwa nimeyapakata kama mtoto.

Josefina aliyaona siku ya kwanza. Uso wake ulibadilika. "Wapi umetoa hii?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Kitaluni Juba, alisema, mti huo uliwekwa peke yake, nyuma ya waya, na aliyekata alikwenda kunawa mikono. Unaua mnyama. Jani bichi ni chungu, mnyama hulikataa, lakini likinyauka hulila. "Tupa," alisema. "Chimba shimo, fukia." Niliitikia. Naandika sasa nikiwa mtu mzima na bado najaribu kuelewa kwa nini niliitikia huku moyoni nimekwisha kukataa. Nilijiambia kwamba hakwenda shule. Nilijiambia kwamba wakubwa wa serikali hawawezi kupanda sumu mbele ya nyumba zao. Na kulikuwa na neno jingine, baya zaidi, ambalo sikulisema hata kwa nafsi yangu kwa sauti: kwamba alitaka uzio uwe wake na sifa ziwe zake. Nilitupa matawi machache akiona. Mengine niliyatia kwenye chupa za maji dirishani chumbani mwangu, nikashusha kitenge mbele yake. Katika majuma machache yalikuwa yameota mizizi minene, myeupe, bila taabu yoyote, na nikaona hilo kuwa ushahidi kwamba niko sahihi.

Niliyahamishia kwenye makopo na kuyapanga kando ya chumba, ndani ya ua, mahali ambapo mbuzi hawakufika na Josefina hakuwa na sababu ya kupita. Yalikua haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kupanda. Mwezi wa tisa yalinifikia kiunoni, yamenyooka kama fimbo, bila matawi ya kando. Sasa, Josefina mwenyewe alikuwa amenifundisha kwamba mmea ukinyooka hivyo unaukata kichwa ili upanuke. Jumamosi moja saa nne asubuhi nikachukua kisu nikavikata vichwa vyote. Kulikuwa na mzigo mzima wa matawi. Nilikuwa na haraka. Nilitaka kwenda sokoni kabla jua halijawa kali. Nikayarusha juu ya ua wa miiba, yakaanguka upande wa pili, walikopita mbuzi, nikasahau.

Jumatatu asubuhi niliamshwa na ukimya. Mbuzi hawakuwa wakicheua. Nilipotoka nilimkuta Mama Ekai amechuchumaa bomani, amempakata mmoja kichwa. Mbuzi yule alitetemeka miguu, povu linamtoka, tumbo limevimba. Watatu walikuwa wamekwisha kufa, wamelala ubavu, macho wazi. Kufikia adhuhuri walikuwa saba, na wanne kati yao walikuwa na mimba. Mama Ekai hakulia. Alikwenda kutoka kwa mmoja hadi mwingine akiwaita kwa majina yao, kwa rangi zao na kwa umbo la pembe, kama mtu anayehakikisha kwamba hajamsahau yeyote. Jirani mmoja alimpasua mmoja wao na kukuta majani marefu, membamba. Akayainua. Mtu akauliza, "Majani haya yametoka wapi?" Na mwingine, sikumbuki ni nani, akajibu, "Si ni yule mkimbizi wa makopo?" Nilikuwa nimesimama umbali wa hatua mbili.

Jioni ile vijana walipita ofisini wakaponda kila kopo lililokuwa langoni. Bogonvilia zetu, zilizokuwa zimeanza kutoa ua la kwanza, zilikanyagwa mpaka zikashikamana na udongo. Chifu, kwa kuogopa kwamba kesho watavuka laga kwenda kambini, akaitisha kikao haraka chini ya mabati ya ofisi yake. Wazee walikaa kwenye mabenchi. Mwakilishi wa kambi aliitwa, hakufika. Josefina aliletwa na askari wawili, amevaa gauni lake la Jumapili, kwa kuwa aliambiwa anakwenda mbele ya wakubwa. Bosi alinituma mimi niandike maneno ya kikao na nifasiri. Pale hapakuwa na mwingine aliyejua Kiarabu cha Juba.

Chifu aliuliza, "Muulize huyu mama. Hii mti, alijua ni sumu?"

Nilimuuliza. Josefina, ambaye kwa kawaida alijikaza kusema Kiswahili, safari hii aliogopa, na maneno yakamtoka kwa lugha yake, kwa haraka. "Shederai de batal," alianza, mti huu ni mbaya. Akaendelea: nilimwambia binti huyu tangu siku alipouleta, nilimwambia autupe, nilimwambia achimbe shimo. Hakuninyooshea kidole. Alinitazama tu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mzigo amshikie upande mmoja. Nilielewa kila neno.

Nikawageukia wazee. Nikasema kwa Kiturkana, "Anasema alijua kwamba mti huu ni mbaya."

Nikaishia hapo.

Kukawa na mngurumo kwenye mabenchi. Nikainamisha kichwa nikaandika sentensi hiyohiyo kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri niliosifiwa nao tangu shuleni. Josefina hakujua Kiturkana, lakini alijua urefu wa maneno. Yeye alikuwa amesema mengi na mimi nilikuwa nimesema machache. Alingoja niendelee. Nilihisi akingoja. Nilipoinua uso hatimaye, alikuwa ametazama mikono yake, na chifu alipomuuliza tena hakujibu kwa lugha yoyote.

Uamuzi ulikuwa mwepesi, na kila mtu aliuita wa huruma: asikanyage tena upande wa mji, na ofisi imwachishe kibarua ili watu watulie. Mimi nilipiga chapa barua yake ya kuachishwa kazi. Majuma matatu baadaye nilipewa yangu, ya kuajiriwa.

Niliendelea kulala katika chumba kile. Hiyo ndiyo sehemu ya mwaka ule ambayo huwa ngumu kumweleza mtu. Sikulala njaa, sikupigwa, sikufukuzwa. Niliamka, nikanywa chai ya mkandaa isiyo na maziwa, nikaenda kazini. Oleanda nilizing'oa zote nikazifukia kwa kina, kama nilivyokuwa nimeambiwa tangu mwanzo. Wageni wakubwa walikuja, wakakuta langoni vumbi, na hakuna aliyejali. Asubuhi moja, mwishoni mwa mwaka, Mama Ekai alikuwa amepiga magoti akipuliza moto, nami sikuweza tena kumeza ile chai.

"Mama," nikasema, "miti ile niliileta mimi."

Aliendelea kupuliza. "Najua. Nilikuona ukiyarusha matawi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mbona hukusema?"

"Sikujua yataua. Nilipojua, walikuwa wamekwisha kumtaja yeye." Aliketi chini, akajipangusa jivu machoni. "Mbuzi wangu walikuwa wamekufa. Nilitaka mtu wa kumkasirikia, na wewe ulikuwa unalala nyumbani mwangu. Wewe ni mtoto wetu. Yeye ana kambi yake, wanampa unga."

"Lakini ulimpenda."

"Nilimpenda," alisema Mama Ekai. "Bado maji ya vikombe naweka kando. Nikikumbuka, namwaga."

Nilikuwa nimekuja kutafuta adhabu, nikakuta nimepata mwenzangu. Hilo lilinitisha kuliko hasira yoyote. Siku hiyohiyo niliandika upya yale maneno ya kikao, yote kama Josefina alivyoyasema, nikaweka jina langu chini, nikampelekea bosi. Alisoma mara mbili. "Veronika, mambo haya yameisha," alisema. "Unataka kuwasha moto tena?" Akaitia karatasi kwenye droo. Basi nikaenda kwa chifu siku ya baraza, nikasimama mbele ya mabenchi yaleyale, nikasema kwa Kiturkana kwamba mti niliuleta mimi, matawi niliyarusha mimi, na kwamba maneno ya yule mwanamke niliyakata katikati. Kuna waliocheka kwa kutoamini. Mzee mmoja alitema mate chini, akaenda zake. Wajomba zangu walilazimika kuja kutoka Lokitaung na mbuzi wa kumfidia Mama Ekai, na hawakunisemesha kwa muda mrefu. Kazi niliiacha kabla ya kuachishwa. Kwa Josefina hayo yote hayakurudisha kitu. Kibarua chake kilikuwa na mtu mwingine.

Nilimfuata kambini siku mbili kabla ya kuondoka Kakuma. Nilimkuta kwenye foleni ya bomba la maji, katikati ya wanawake wa kwao, madumu yamepangwa mbele kama watu. Alikuwa amekonda. Nilimsalimu, naye hakunipa kisogo. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba nimekwenda kwa chifu, nimesema ukweli wote mbele ya watu.

"Ulisema na lugha gani?" aliuliza.

"Kiturkana."

"Mimi sikusikia." Aliwaonyesha wanawake kwa kidevu. "Hawa pia hawakusikia. Kwa hawa mimi ni mtu aliua mbuzi, sasa mji inakataa sisi sokoni. Sema na lugha yangu."

Sikuwahi kusema Kiarabu chake mbele ya mtu yeyote ila yeye. Kilikuwa Kiarabu cha mchanga na samadi na maji ya suuza. Hakikuwa na maneno ya aibu. Nilianza. Nikasema mimi ndiye niliyeleta mti. Nikasema alinikataza. Nilipofika kwenye kikao nilikosa neno la kufasiri, nikasema kwamba niliyavunja maneno yake. Mwanamke mmoja akacheka, mwingine akamnyamazisha. Walikuwa wamesogea karibu, na maji yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye dumu lililojaa bila mtu kulitazama. Nilipomaliza, Josefina alisema neno moja kwa utulivu. Halikuwa "nilivunja." Lilikuwa "niliiba." Akaniambia nianze tena tangu mwanzo, kwa sauti, kwa sababu walio nyuma hawakusikia.

Nikaanza tena. Safari hii nilisema niliiba. Alisikiliza hadi mwisho, macho yake usoni pangu. Kisha zamu yake ikafika, akasogeza dumu lake chini ya bomba, likajaa, akajitwika, akaenda nalo polepole bila kumwaga. Mimi nilibaki nimesimama kwenye foleni. Hakuna aliyeniambia niondoke, na hakuna aliyesogea kunipisha.